Programu ya Kazi Haichaguliwi kwa Nyota

Mwandishi aliyewashauri wenye maduka wachague programu za kishikwambi kwa wingi wa nyota amewapotosha. Nyota haziwezi kukuambia kama daftari lako la madeni litafunguka mtandao ukikatika wateja wamejaa. Google Sheets hufanya kazi bila intaneti, ila lazima uiandae mapema. Excel nayo, kwenye kioo kinachozidi inchi 10.1, haikuruhusu kuhariri mpaka ulipie usajili. Hayo ndiyo ya kumwambia mwenye duka kabla hajatoa fedha yake. Kisha aulize, na hili nalisisitiza: siku nikihama, hesabu zangu nitaondoka nazo? Programu isiyokubali kutoa hata faili la CSV isiingie dukani, iwe na nyota 5 au 50.