Hesabu ya Mkimbiaji wa Tano

Ni jambo lililozoeleka siku hizi kuwasikia wakurugenzi wa makampuni, wanasiasa na hata wakuu wa vyuo wakikopa lugha ya uwanjani. Kampuni huitwa timu, meneja huitwa kocha, nao wafanyakazi huhimizwa wajitume kana kwamba zimesalia dakika tano kipenga cha mwisho kipulizwe. Aghalabu mkopo huo hutoka Marekani, ambako michezo ya vyuo vikuu ni biashara ya mabilioni ya dola na pia chimbuko la vitabu chungu nzima vya uongozi. Kukopa si haramu. Kasoro ni kwamba wakopaji huchukua kombe pamoja na picha ya bingwa aliyelibeba, kisha wakaiacha nyuma hesabu iliyoamua nani alibebe.

Mchezo unaoidhihirisha hesabu hiyo waziwazi ni mbio za nyika. Katika fainali za vyuo vya Marekani zinazosimamiwa na chama cha NCAA, kila timu huingiza wakimbiaji saba. Watano wa kwanza wa timu hiyo ndio wanaohesabiwa: anayemaliza katika nafasi ya kwanza huleta alama 1, wa ishirini huleta alama 20, na kadhalika. Timu yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Mkimbiaji wa sita na wa saba hawaongezi chochote katika jumla ya kwao, lakini wakimpita mtu wa tano wa mahasimu, humsukuma nyuma na kuivimbisha jumla ya mahasimu hao. Yaani hata asiyehesabiwa ana kazi. Jumla bora kabisa inayowezekana ni alama 15. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso kilikaribia mno mwaka 1981 kilipopata alama 17, kwa miguu ya wakimbiaji waliotoka Afrika, Wakenya na Watanzania wakiwemo.

Tuseme timu moja ina wakimbiaji wawili wa ajabu, wanaoshika nafasi ya kwanza na ya pili, halafu wenzao wanafuata katika nafasi ya 20, ya 30 na ya 120. Jumla yao ni alama 173. Timu nyingine haina hata mtu mmoja katika kumi bora. Watu wake wanaingia wa 12, 15, 18, 21 na 25. Jumla yao ni alama 91. Timu ya pili imeshinda, tena kwa mbali, ingawa picha zote za magazeti zitakuwa za wale wawili. Aliyeiangusha timu ya kwanza ni yule wa 120, ambaye pengine hakuna aliyelijua jina lake kabla ya siku ile.

Historia imelithibitisha jambo hili kwa mifano inayomgusa Mkenya moja kwa moja. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, aliibuka mshindi wa fainali hizo mwaka 1976, 1977 na 1979. Sally Kipyego wa Texas Tech, aliyekuwa akisomea uuguzi, alishinda mbio za wanawake mwaka 2006, 2007 na 2008. Edward Cheserek wa Chuo Kikuu cha Oregon akashinda mwaka 2013, 2014 na 2015. Watu watatu, ushindi mara tisa. Je, vyuo vyao vilitwaa mara ngapi ubingwa wa timu katika miaka hiyo tisa? Hata mara moja. Wakati Cheserek akivishwa taji lake la kwanza na la pili, kombe la timu lilikwenda Colorado. La tatu lilikwenda Syracuse. Hakuna awezaye kuwalaumu Wakenya hao, kwa maana mtu akishakuwa wa kwanza hana nafasi nyingine ya mbele ya kukimbilia. Walifanya yote yaliyo katika uwezo wa mtu mmoja, na yote hayo yalikuwa alama moja tu katika hesabu ya watano.

Sasa tazama upande wa pili wa sarafu. Timu ya taifa ya Kenya ya wanaume ilitawala Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika kwa miaka 18 mfululizo, tangu 1986 hadi 2003. Wengi huikumbuka enzi hiyo kwa majina ya John Ngugi na Paul Tergat, ambao kila mmoja alishinda mara tano. Hata hivyo, mwaka 1990 na 1991 mshindi wa mbio hizo alikuwa Khalid Skah wa Morocco. Mwaka 2000 na 2001 alikuwa Mohammed Mourhit wa Ubelgiji. Mwaka 2002 na 2003 alikuwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Katika miaka yote hiyo sita, Kenya iliukosa ushindi wa mtu binafsi na bado ikarudi nyumbani na ubingwa wa timu. Nguvu ya Kenya ilikuwa katika wale waliofuata, waliokuja kwa kundi, bega kwa bega, huku mataifa mengine yakimsubiri mtu wao wa tatu atokeze kwenye kona.

Yamkini msomaji atasema kwamba hilo si jipya, kwani wahenga walikwisha kunena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli. Lakini methali hiyo, ambayo imekuwa ikiimbwa katika kila hafla ya ufunguzi wa warsha, humwambia kiongozi kwamba vidole vingi vinahitajika. Haimwambii akiuguze kidole kipi kwanza. Mbio za nyika humwambia. Kocha mwenye bingwa tayari akimnoa bingwa huyo usiku na mchana, hatapata zaidi ya alama ile ile moja. Akimsaidia mkimbiaji wake wa tano kutoka nafasi ya 120 hadi ya 60, amepunguza alama 60 kwa mkupuo. Hapo ndipo panapostahili muda wake na fedha zake, na hapo ndipo wakuu wengi, wa michezo na wa biashara, wasipopatazama kabisa.

Chukua mfano wa shirika la uchapishaji, sekta ambayo wapenzi wa Kiswahili wanaijua kwa raha na kwa machungu. Shirika humtafuta mwandishi mwenye jina kubwa na kumlipa vizuri, likagharamia jalada la rangi na sherehe ya uzinduzi. Kisha mswada unapelekwa kwa msahihishaji wa prufu anayelipwa kwa ukurasa, tena kidogo na kwa kuchelewa, na anayepewa siku nne za kufanya kazi ya wiki tatu. Kitabu kinapofika darasani, mwalimu na wanafunzi hawakutani na jina la mwandishi peke yake. Wanakutana na upatanisho wa ngeli uliovurugika katika ukurasa wa tisa. Aliyekiamua kitabu hicho ni mtu wa tano. Ndivyo ilivyo pia katika chama cha matatu chenye magari mapya na mwenyekiti mwenye busara, ambacho abiria hukihukumu kwa kauli ya makanga mmoja saa moja jioni, mvua inanyesha. Mkurugenzi anaweza kushinda tuzo ya mkurugenzi bora wa mwaka ilhali kampuni yake ni ya 173.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina ushahidi wake katika suala hili. Kiongozi wa timu huitwa nahodha, neno lililoletwa na bahari kutoka Uajemi kabla ya mpira wa miguu kufika pwani hii. Nahodha wa jahazi alikuwa mkuu wa chombo, na mara nyingi alikuwa pia mfanyabiashara au wakili wa wenye mali: aliongoza mabaharia, akauza shehena, akarudi na hesabu. Michezo, biashara na uongozi vimo ndani ya neno hilo moja. Tena nahodha hakuweza kujisifu kwa kufika pwani yeye peke yake. Ikiwa baharia mmoja aliyeachiwa kazi ya kuteka maji ngamani alisinzia, chombo kilizama pamoja na nahodha wake, awe hodari kiasi gani.

Kuna hoja ya kupinga ambayo haifai kufichwa. Si kila mchezo una hesabu ya mbio za nyika. Katika mpira wa kikapu, wachezaji wanaokuwa uwanjani ni watano tu, na mtu mmoja mwenye kipaji huweza kuugeuza mchezo mzima. Wafuasi wa fikra hii humtaja John Wooden, kocha wa chuo cha UCLA aliyetwaa ubingwa wa Marekani mara 10 katika misimu 12, kati ya 1964 na 1975, na husema kwamba alikuwa na majitu kama Lew Alcindor, ambaye baadaye alijiita Kareem Abdul-Jabbar. Ni kweli alikuwa nao. Lakini timu yake ya 1964, ile iliyolifungua pazia, haikuwa na mchezaji hata mmoja katika watano wake wa mwanzo aliyezidi futi 6 na inchi 5, kimo ambacho katika mchezo huo huhesabiwa kuwa cha wastani. Aidha, ule ulikuwa msimu wake wa 16 chuoni hapo. Kampuni gani leo ingemvumilia mkuu wake miaka 15 bila taji? Na mtu huyo aliyevumiliwa alikuwa akilianza zoezi la kwanza la kila mwaka kwa kuwafundisha vijana namna ya kuvaa soksi, ili zisijikunje, ili mguu usichubuke, ili mchezaji asikose mazoezi. Walioviandika vitabu vya uongozi wamelipenda sana jambo la soksi. Miaka 15 ya kungoja hawaizungumzii sana, pengine kwa sababu haiuzi vitabu.

Jambo jingine lisilozungumzwa ni yanayompata bingwa mwenyewe pale taasisi inapomwegemea bila kumjengea chochote. Kati ya Aprili na Juni 1978, Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hadi leo ni vigumu kulipata jambo la kulilinganisha na hilo. Hakuwahi kukimbia katika Olimpiki, kwa sababu Kenya ilisusia michezo ya 1976 na ya 1980. Baadaye ulevi ulimwandama, fedha zikampotea, na mtu aliyewahi kuwa na rekodi nne za dunia kwa wakati mmoja akawa mbeba mizigo ya wasafiri katika uwanja wa ndege wa Marekani. Alijikwamua, akafundisha vijana, akarejea Kenya, akafariki Februari 2024. Si haki kumtwika mtu yeyote mmoja lawama ya maisha yale. Hata hivyo, mfumo mzima wa michezo ya vyuo ulikuwa umeandikwa ili mkimbiaji alete sifa na chuo kiyavune mapato. Marufuku ya mwanamichezo kujipatia fedha kwa jina na sura yake ilidumu hadi Julai 2021, siku chache baada ya majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua dhidi ya NCAA katika kesi ya mgao wa faida za kimasomo. Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Mwanafunzi wa kigeni, ambaye viza yake inambana asifanye kazi ya malipo apendavyo, bado anasimama mlangoni. Mkenya wa leo anayekimbilia chuo cha Marekani ni wa kwanza katika mbio na wa mwisho katika mgao.

Vyuo vikuu vya Kenya havina fedha za namna hiyo za kugombania, na huenda hilo ni heri. Lakini tabia ya kumtazama wa kwanza tu imeshamiri humu vilevile, tena nje ya uwanja kuliko ndani. Vyama vya wanafunzi ni mfano ulio karibu zaidi. Chama humpata mwenyekiti mwenye ulimi wa dhahabu, anayewajua wahadhiri wote na kuwaalika waandishi mashuhuri. Makongamano yanafana, jarida linatoka. Mwaka unaofuata mwenyekiti anahitimu. Jarida halitoki tena, orodha ya wanachama haijulikani iko kwenye tarakilishi ya nani, na risiti za ada ya uanachama zimebaki katika chumba cha bweni ambacho kimekwisha pata mpangaji mwingine. Kisha watu husema kwamba wanafunzi wa siku hizi hawaipendi lugha.

Siku ya uchaguzi wa viongozi wapya, ukumbi hufurika. Wagombea wa uenyekiti huulizwa maswali hadi jioni: maono yao, misimamo yao, hata matamshi yao. Zamu ya mweka hazina inapofika, nusu ya watu wamekwisha ondoka kwenda kula, na mgombea wake, aghalabu mmoja tu, hupitishwa kwa makofi bila kuulizwa iwapo amewahi kuandika kitabu cha hesabu.