Kicheko Nacho Kina Mkulima Wake

MPENZI msomaji, mara ya mwisho ulipocheka hadi ukashika mbavu, ulimlipa nani? Usiniambie ulinunua bando. Hiyo ni haki ya kampuni ya simu. Nauliza yule aliyekuchekesha alipata nini.

Swali hili nilitupiwa juzi mjini Malindi na kijana mmoja mchekeshaji, mzaliwa wa Ngomeni. Aliniomba nisimtaje jina kwa sababu mama mkwe wake angali anaamini kwamba amemwoza bintiye kwa fundi wa stima. Tulikuwa kibarazani, mahamri na mbaazi mbele yetu, na mazungumzo yake, kama mnavyowajua watu wa kazi hiyo, hayakuwa na breki.

Alianza na vipepeo.

"Dada, waujua ule mradi wa Kipepeo pale Gede? Kiwavi akishajifunga ndani ya ganda lake, apakiwa ndegeni kwenda ng'ambo, hana pasipoti wala viza. Akifika aota mbawa, na Wazungu walipa kiingilio kumtazama. Mimi nina miguu miwili, na nauli ya Mombasa nakopa!"

Nilicheka, lakini kuna jambo hapo. Mradi huo ulianzishwa mwaka 1993, na wafugaji wa viwavi hao ni wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi. Viwavi hula majani ya miti ya msituni. Kwa hivyo mwanakijiji ambaye zamani aliuona msitu kuwa kuni na shamba la kufyeka, sasa ana sababu ya kuulinda. Mtu hutunza kinachomtunza.

Kutoka msituni kijana wangu akarukia angani. Nyumbani kwao Ngomeni, kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Ilikuwa ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota na vitu vingine vya mbali.

"Wametoka kwao hadi kwetu kutafuta nyota," akasema, "na mimi nyota wa papo hapo Ngomeni hakuna aliyenipima!"

Kisha sauti ikateremka. Mwaka jana alichekesha watu kwenye harusi moja, akalipwa sahani ya pilau na dua. Mgeni mmoja alimrekodi kwa simu. Baada ya wiki moja shangazi yake aliyeko Mtwapa akamtumia video hiyo hiyo na maneno haya: "Mwanangu, hebu mtazame mwehu huyu, anafanana nawe." Ilikuwa imezunguka pwani nzima, jina lake limekatwa, na jina la mtu mwingine limebandikwa. Hakupata hata senti.

"Watu wacheka, dada, nami nafikiria kununua bodaboda," akaniambia. Safari hii hakuwa akitania.

Msomaji wangu, hatuwezi kusema hatukuonywa. Sote tulimpenda Mzee Ojwang, yaani marehemu Benson Wanjau, aliyetuchekesha miaka mingi katika Vitimbi. Uzeeni macho yalipomsumbua, ilibidi Wakenya wamchangie fedha za matibabu. Alifariki Julai 2015. Mchango ule ulikuwa wa heri, lakini mtu aliyelichekesha taifa zima hakustahili kungoja harambee.

Wapo watakaosema kwamba mzaha hauna gharama, ni maneno matupu tu. Na kiwavi je, si mdudu tu? Thamani ilikuja pale ilipopatikana njia ya fedha kumfikia yule anayemlisha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inawatambua waigizaji pia, lakini sheria haiingii kwenye simu yako ikakuzuia kidole. Hapo ni wewe na dhamiri yako.

Basi tuanze nyumbani. Ukimwalika mchekeshaji harusini, patana naye bei kama unavyopatana na mpishi. Ukipokea video yake, usimkate jina. Ukimjua, mtumie chochote kwa M-Pesa, hata bei ya chapati. Simu iliyomwibia ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumlipa.

Tulipoagana nilimlipia mahamri, na juu yake nikamwongeza kidogo kwa vicheko vyangu vya asubuhi ile. Akazihesabu noti, akanitazama, akasema: "Dada, leo nami nimeota mbawa. Sasa nauli ya Mombasa ninayo, lakini nitarudije?"

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.