Mgonjwa, Bangi ya Dawa, na Sheria Mbili za Nchi Moja



Wapendwa waamini, wiki hii naomba ruhusa nitoke kidogo katika masomo ya Dominika ili nijibu swali lililoletwa kwangu zaidi ya mara moja, tena kwa sauti ya chini, pale mlangoni pa kanisa, wengine wakiisha kuondoka: “Padre, nasikia bangi hutolewa kama dawa. Je, ni dhambi? Na je, ni halali?” Wengi huuliza mambo hayo mawili kwa pamoja kana kwamba ni jambo moja. Sivyo. La kwanza lina jibu fupi. La pili ndilo linalonitia hofu, kwa kuwa wengi wetu tunaoishi hapa Texas hatuna uraia wa Marekani, na jibu lake kwetu sisi lina mtego ndani yake.

Nianze na lile fupi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2291, inayahesabu matumizi ya dawa za kulevya kuwa kosa zito, lakini papo hapo inaweka kando matumizi yaliyo kwa ajili ya tiba tu. Fundisho hilo si jipya. Mwaka 1957 Papa Pius XII, akijibu maswali ya madaktari wa usingizi, alifundisha kwamba yaweza kuwa halali kumpunguzia mgonjwa maumivu kwa dawa hata kama dawa hiyo inafifisha fahamu zake. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatukumbusha kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa mapenzi ya Muumba. Ni kweli kwamba mwaka 2014 Papa Fransisko alipinga kuhalalishwa kwa dawa za kujiburudisha. Lakini anayelitumia neno hilo kumhukumu mgonjwa wa saratani anayetapika usiku kucha halitendei haki.

Sisi tumelelewa Tanzania, Kenya, Burundi au Kongo, ambako neno “bangi” lilikuwa neno la aibu, la vijiweni na la vibaka. Ndiyo maana mama mgonjwa huficha, na jirani hunong'ona. Minong'ono hiyo nadhani ndiyo yenye kuhitaji kitubio kuliko dawa yenyewe.

Sasa tuje kwenye sheria. Nikisema “jimbo” hapa sina maana ya jimbo la Askofu, bali mojawapo ya majimbo 50 ya nchi hii. Kila jimbo lina taratibu zake, na anayetoka kwa ndugu yake Minnesota au Colorado asidhani kwamba ya huko ndiyo ya huku. Texas ni miongoni mwa majimbo yenye masharti magumu. Sheria yake ya kwanza ilipitishwa mwaka 2015, na iliwahusu wagonjwa wa kifafa kisichotulizwa na dawa za kawaida, basi. Mwaka 2019 waliongezwa wagonjwa wa kifafa cha aina zote, wenye usonji, wenye kukakamaa misuli, na wenye saratani iliyofikia hatua ya mwisho. Mwaka 2021 iliingizwa saratani ya aina yoyote, pamoja na ule ugonjwa wa akili unaobaki baada ya mtu kupitia vita au mateso makubwa. Naomba ndugu zetu waliotoka Kivu wasome tena sentensi hiyo. Kisha mwaka 2025 sheria ilipanuliwa kuanzia tarehe 1 Septemba, ikawapokea wenye maumivu sugu, wenye baadhi ya magonjwa ya utumbo, walioumia ubongo, na walio katika uangalizi wa mwisho wa maisha.

Njia yenyewe ni hii. Mgonjwa humwendea daktari aliyesajiliwa katika mpango huo. Si kila daktari, kwa hiyo ni vizuri kutafuta jina lake katika tovuti ya Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, inayosimamia mpango. Daktari akiridhika, huiandika dawa moja kwa moja katika daftari la jimbo lililo kwenye kompyuta. Mgonjwa huenda na kitambulisho chake katika duka lenye leseni maalumu, au hupelekewa dawa, nao hulitazama daftari hilo kabla ya kumpa. Akiwa mtoto, mlezi wake wa kisheria humwakilisha. Kuvuta moshi hakuruhusiwi. Dawa huja kama mafuta, vidonge, pipi laini, na tangu sheria ya 2025 pia kwa vifaa vya kuvuta mvuke. Bima ya afya hailipi, na bei si ndogo.

Mmeona kwamba sikutaja kadi? Katika Texas hakuna kadi ya mgonjwa wa bangi. Anayekuuzia “kadi” kwa simu amekuibia. Vivyo hivyo yale maduka ya barabarani yenye taa za rangi, yanayouza bidhaa za katani, hayamo katika mpango huu, na nyuma ya kaunta yao hakuna daktari.

Tena jambo moja kwa wanaosafiri. Katika jimbo jirani la New Mexico mtu mzima hununua bangi dukani bila kuulizwa ugonjwa. Lakini akivuka mpaka kurudi Texas na boksi la pipi zile, anavunja sheria za pande zote mbili, ya jimbo na ya shirikisho. Na Texas huzihesabu pipi na mafuta ya namna hiyo kwa ukali kuliko majani yenyewe: hata kiasi kisichofika gramu moja ni kosa kubwa la jinai, lenye kifungo cha siku 180 hadi miaka 2. Kijana anayedhani amebeba kitu kidogo tu cha kumsaidia shangazi yake hulijua hilo akiwa tayari amefungwa pingu.

Hadi hapa nimesema ya Texas. Sheria ya Texas haimuulizi mgonjwa uraia wake, na hapo ndipo mtego ulipo. Juu ya sheria ya jimbo iko sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, iliyoiweka bangi katika daraja la kwanza, pamoja na heroini. Mwaka 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza ishushwe daraja la tatu, na watu wakashangilia. Lakini kushushwa daraja peke yake hakuifanyi bangi inayotolewa kwa mipango ya majimbo kuwa halali machoni pa shirikisho. Na mambo ya uhamiaji yako mikononi mwa shirikisho, si mikononi mwa Texas.

Mwezi wa Aprili mwaka 2019 idara ya uhamiaji na uraia ilitoa mwongozo ulio wazi: anayeomba uraia, akiwa amevunja sheria ya shirikisho kuhusu bangi katika kipindi kinachochunguzwa, ambacho kwa kawaida ni miaka mitano, aweza kuhesabiwa kuwa hana mwenendo mwema, hata kama alichofanya kilikuwa halali katika jimbo lake. Haihitajiki hukumu ya mahakama. Kukiri kwenyewe kwaweza kutosha. Mwongozo huo unamgusa pia aliyeajiriwa katika duka la bangi lenye leseni, anayelipa kodi yake kila mwezi bila kosa. Mwenye kadi ya ukaazi anayekwenda Nairobi au Bujumbura kumzika mzazi, akirudi uwanja wa ndege, afisa ana mamlaka ya kumhoji. Na familia inayoishi katika nyumba inayogharimiwa na fedha za shirikisho yaweza kunyimwa nyumba hiyo.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyo. Mkimbizi aliyebeba majeraha ya vita rohoni anaambiwa na jimbo, “Ugonjwa wako umo katika orodha, karibu.” Anaipokea dawa kwa nia njema, kwa karatasi zilizo sahihi, na miaka mitatu baadaye, mbele ya meza ya uraia, jina lake katika daftari la daktari laweza kuwa shtaka dhidi yake. Raia jirani yake, mwenye ugonjwa ule ule na dawa ile ile, haulizwi neno. Mimi sioni haki katika jambo hili, na ninalisema wazi. Wabunge wa nchi hii wana uwezo wa kulirekebisha. Ninyi mlio raia mna kura.

Wakati huo haujafika, kwa hiyo ushauri wangu ni wa tahadhari. Kama wewe si raia, usiingie katika mpango huu kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Mweleze daktari hali yako, umuulize kama zipo dawa za namna hiyo zinazotambuliwa na shirikisho. Zipo. Epidiolex, iliyoidhinishwa mwaka 2018, ni kwa aina kali za kifafa. Dronabinol, iliyoidhinishwa tangu 1985, ni kwa kichefuchefu kinacholetwa na tiba ya saratani. Hizo hupatikana katika duka la kawaida la dawa kwa maagizo ya daktari, bima huweza kulipa, na afisa wa uhamiaji hana la kukulaumu. Hazimfai kila mgonjwa, hilo nakubali. Na kama umekwisha kutumia bangi ya jimbo, usidanganye katika mahojiano. Uongo chini ya kiapo ni kosa jipya, tena baya zaidi. Nenda kwa mwanasheria kabla ya kujaza fomu, wala usiweke picha za dawa zako mtandaoni.

Ofisi za Catholic Charities za Houston na Dallas zina huduma ya kisheria kwa wahamiaji. Anayehitaji mkalimani wa Kiswahili aje ofisi ya parokia siku za kazi; si lazima aeleze ugonjwa wake kwa mtu yeyote pale mapokezi.