Mabati Yake, Kiti Chao

Pale Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira, Waadventista husali Jumamosi, na Wakatoliki na Wakristo wengine Jumapili. Siku zote mbili, anayefagia kanisa, kufua vitambaa vya meza na kuongoza kwaya aghalabu ni mama. Bonasi ya wakulima wa chai ikilipwa, fungu la mama huyo hugeuka mabati na saruji ya kanisa. Kamati ya ujenzi ikiketi, yeye yuko jikoni akichemsha chai ya wanakamati. Kweli, suala la wanawake kupewa upadri au uchungaji lina wakubwa wake wa kuliamua. Roma ilifunga mlango mwaka 1994, kwa waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili. Waadventista, mkutanoni San Antonio, Marekani, mwaka 2015, walipiga kura 1,381 kwa 977 kukataa kila ukanda wa kanisa lao ujiamulie kuwawekea wanawake mikono wawe wachungaji. Waanglikana wa Kenya walianza mapema, lakini kwa mwendo wa kobe: Lucia Okuthe alipewa upadri mwaka 1983, na ni mwaka 2021 tu Rose Okeno alipokuwa askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi nchini. Hata hivyo, hakuna haja ya kusubiri Roma wala San Antonio kumchagua mama awe mweka hazina au mwenyekiti wa ujenzi. Wazee wa kanisa, uchaguzi ujao wa kamati, anzeni na hilo. Anayetoa pesa apewe na kiti.