Kijana wa Tukuyu na Mdomo wa Bata

Wapo wazazi hapa Msasani, na Tukuyu nzima, wanaoamini kuwa muziki ni uhuni na kwamba kijana apulizaye saksafoni hana kesho. Imani hiyo haina budi kupimwa. Wamisionari wa Moravian walifika hapa Rungwe mwaka 1891, na hadi leo tarumbeta zinalia makanisani. Mzazi yule yule anayemshangilia mwanawe akipiga tarumbeta Jumapili humgombeza Jumatatu mwana akisema anataka kuifanya kazi hiyo. Kulikoni?

Tumtazame Verckys Kiamuangana Mateta wa Kongo. Mwaka 1963 alijiunga na bendi ya OK Jazz ya Franco, akaupuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni, hadi jina lake likavuma. Hakuishia kwenye ajira. Mwaka 1969 aliunda bendi yake, Vévé, kisha akamiliki lebo na studio Kinshasa, akawarekodi vijana wa bendi nyingine. Naye Isaiah Katumwa wa Uganda alijifundisha saksafoni mwenyewe, na leo jazz ndiyo kazi yake.

Lakini kipaji peke yake hakitoshi. Saksafoni haimtaki mvivu. Kile kibanzi cha mwanzi kinachofungwa kwenye kipulizio hulowanishwa kwanza. Ncha yake ikipasuka, sauti hukwaruza. Na kwa mvua zetu hizi, asiyeifuta ndani kila amalizapo kupiga ataona ngozi za vitufe zikivimba na hewa ikivuja. Kadhalika, asiyesoma nota atabaki kuiga ya wenzake.

Tena, msanii na ajue mali yake. Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Kameruni, aliyefariki mwaka 2020, alilazimika kudai haki yake baada ya kibwagizo cha wimbo wake Soul Makossa wa mwaka 1972 kusikika katika wimbo wa Michael Jackson. Ikiwa gwiji kama huyo alichukuliwa chake, sembuse kijana wa Msasani? Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, na COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki nchini, ipo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi wazazi, msiwavunje moyo watoto. Waulizeni wamefanya mazoezi kiasi gani. Walimu wa tarumbeta, wafundisheni nota, si kukariri nyimbo tu. Nanyi vijana, sajilini kazi zenu kabla hamjazitoa hadharani. Anayeijua kazi yake na kuilinda hana sababu ya kuionea haya.