Kikapu cha vyuo vya Marekani: fedha zimekuja, mlango wa Mtanzania umebana

Kila tukigusa mpira wa kikapu kwenye kipindi cha michezo, ujumbe mmoja hurudi kwenye simu ya studio: kijana wangu ni mrefu, ana miaka 16, kuna mtu anasema atampeleka Marekani akasome bure na alipwe. Je, ni kweli?

Hilo la kulipwa ni kweli, na ni jambo jipya kabisa. Hilo la kwenda ndilo lenye shida, hasa mwaka huu wa 2026. Ili tuelewane vizuri, msikilizaji, tuanze na mtu ambaye wote tunamfahamu.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao makocha wengi wangesema kijana amechelewa. Alisoma Makongo, kisha akaenda Marekani na kumalizia sekondari mjini Houston, Texas. Mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Kwa urefu wake wa mita 2.21, kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia mipira isifike golini, na aliifanya vizuri kiasi kwamba makocha wa vyuo walimtaja mlinzi bora wa Marekani nzima mwaka 2008 na tena 2009. Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchukua akiwa wa pili katika drafti, yaani siku ambayo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Stephen Curry, ambaye leo kila kijana anamjua, alichaguliwa wa saba siku hiyohiyo.

Sasa swali la fedha. Katika misimu mitatu ya Connecticut, Hasheem alilipwa shilingi ngapi? Hakuna mshahara. Chuo kilimpa ada ya masomo, chumba, chakula na vitabu. Viwanja vilijaa, televisheni zilirusha mechi nchi nzima, jezi ziliuzwa, lakini mchezaji mwenyewe hakuruhusiwa kupokea hata fedha ya tangazo la duka la viatu. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kilishikilia kwamba mchezaji wa chuo ni mwanafunzi anayecheza kwa kupenda.

Kocha wake hakuwa anacheza kwa kupenda. Februari 2009, mwanaharakati mmoja alimuuliza kocha Jim Calhoun mbele ya waandishi kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6 kwa mwaka, wakati jimbo likiwa na upungufu wa bajeti. Calhoun alikuja juu, akajibu kwamba timu yake inakiingizia chuo dola milioni 12. Watu walibishana wiki nzima kama kocha anastahili. Mimi ninachoona katika kisa hicho ni kwamba hesabu ilitajwa hadharani: milioni 12 zinaingia, na walioingia uwanjani kuzitafuta hawakuwa na fungu lao.

Wasikilizaji wa Simba na Yanga watashangaa. Mchezaji anayesajiliwa Msimbazi au Jangwani ana mkataba, ana mshahara, ana dau la usajili ambalo watu wa Kariakoo hulijadili hata kabla hajatua uwanja wa ndege. Kwenye vyuo vya Marekani usajili ulikuwepo wa kufa mtu, makocha wakisafiri hadi sebuleni kwa mzazi kumshawishi mtoto, ila hapakuwa na mkataba wa kazi wala dau lililo wazi. Kwa hiyo fedha zilipita chini ya meza, na zilipogundulika aliyefungiwa kucheza alikuwa mtoto.

Mambo yalivyogeuka

Ukuta huo ulianza kuanguka mahakamani. Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu mafao ya kimasomo ambayo chuo kinaweza kumpa mchezaji. Siku chache baadaye, Julai 1, 2021, NCAA ikaruhusu wachezaji kuuza majina na sura zao: kutangaza bidhaa, kusaini jezi kwa malipo, kulipwa kwa kuonekana kwenye hafla. Matajiri wanaoshabikia vyuo wakaunda mifuko ya kuchangia, na biashara ikachangamka.

Hatua kubwa zaidi ilikuja Juni 6, 2025. Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo yanaruhusu chuo chenyewe kumlipa mchezaji moja kwa moja. Kwa mwaka wa masomo wa 2025-26 chuo kimoja kinaweza kutoa hadi dola milioni 20.5, karibu shilingi bilioni 50, kwa wachezaji wa michezo yake yote. Fungu kubwa huenda kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani, kikapu kinafuata. Vyuo vidogo vingi havikaribii kiwango hicho, na vingine havilipi kabisa. Makubaliano hayo pia yalitenga dola bilioni 2.8 kuwafidia waliocheza kuanzia 2016. Kizazi cha Hasheem hakimo.

Uhamisho nao umefunguka. Zamani mchezaji aliyehama chuo alikaa benchi mwaka mzima kama adhabu. Tangu 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na tangu 2024 anaweza kuhama kila mwaka mradi masomo yake yako sawa. Ni kama dirisha la usajili la kwetu, tofauti ni kwamba hapa karibu kila mchezaji yuko sokoni kila mwaka. Vijana wanaoshinda JMK Park pale Kidongo Chekundu, jirani na soko la Kariakoo, wanayafuatilia haya kwenye simu na wanaona ni uhuru mtupu. Ni uhuru, ndiyo. Lakini kocha naye anao. Ufadhili wa masomo mara nyingi hutolewa kwa mwaka mmoja na kuangaliwa upya, na kocha anayeweza kumchukua mchezaji wa miaka 22 aliyekomaa kutoka chuo kingine hana haraka ya kumlea mrefu wa miaka 18 aliyeanza kikapu juzi. Hasheem wa 2006, mgeni na mchezo wenyewe, alipewa muda wa kukua Connecticut. Sina hakika angeupata leo.

Mgeni ana shida yake

Oscar Tshiebwe ni mtoto wa Lubumbashi, Kongo, mji wa Waswahili wenzetu. Aliondoka nyumbani akiwa kijana, akasoma sekondari Marekani, akachezea Chuo cha West Virginia, kisha Januari 2021 akahamia Kentucky. Msimu wa 2021-22 aliokota wastani wa ribaundi 15 kwa mechi na kutajwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote. Kwa umaarufu huo, kampuni zilikuwa tayari kumlipa.

Kilichomzuia ni viza. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya masomo, F-1, ambayo humruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kazi ya nje inahitaji kibali maalumu. Kutangaza bidhaa ukiwa kwenye ardhi ya Marekani kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Agosti 2022 Kentucky walipokwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki, Tshiebwe alitumia siku hizo za nje ya nchi kupiga picha na kufanya shughuli za mikataba yake. Mchezaji bora wa Marekani, na ili ale jasho lake alilazimika kuvuka bahari! Mwaka 2023 hakuchaguliwa kwenye drafti, akaanza NBA kwa mkataba mdogo wa Indiana Pacers. Kwa mtu kama huyo, miaka ya chuo ndiyo ilikuwa miaka ya mavuno.

Sheria ya viza haijabadilika kuendana na fedha hizi mpya. Chuo kinaweza kuwa tayari kulipa, halafu wanasheria wake wakasema mgeni asubiri. Akikosea, NCAA si tatizo tena. Tatizo ni uhamiaji, na adhabu yake ni kurudishwa nyumbani.

Kwa Mtanzania kuna la kuongeza. Amri ya Rais wa Marekani iliyoanza kutumika Januari 1, 2026 imesimamisha utoaji wa viza za wanafunzi kwa Watanzania walio nje ya Marekani ambao hawakuwa na viza siku hiyo, isipokuwa makundi machache. Msamaha uliowekwa kwa wanamichezo unahusu mashindano makubwa kama Kombe la Dunia na Olimpiki, si ligi ya vyuo. Amri za aina hii hubadilika, lakini wakati tunaandika haya, mtu anayekuahidi safari ya chuo cha Marekani ndani ya miezi michache na anataka milioni kadhaa kwanza, anakuuzia kitu ambacho hanacho.

Hata amri ikiondolewa, karatasi ya kuangalia ni fomu ya I-20. Hutolewa na shule iliyoidhinishwa na serikali ya Marekani, na orodha ya shule hizo iko wazi kwenye tovuti ya serikali hiyo. Mwalimu yeyote mwenye intaneti anaweza kukusaidia kuitafuta. Lakini usiishie kwenye orodha. Mwaka 2018 mkuu wa shule moja binafsi mjini Charlotte alikiri mahakamani kwamba alitoa fomu hizo kwa wanafunzi wa kigeni 75, wengi wao wanamichezo, ambao hawakusoma shuleni kwake, akipokea dola 1,000 kwa kila mmoja. Shule ilikuwa kwenye orodha. Watoto walisambazwa kwingine, na hadhi yao ya uhamiaji ikawa imeharibika bila wazazi kujua.

Kwa hiyo piga simu shuleni, uliza mtoto atalala wapi, nani mlezi wake, na ufadhili ni wa mwaka mmoja au mingapi. Uliza hivyo kwa binti pia, maana vyuo hivyo vina timu za wanawake zenye ufadhili uleule. Shule isiyopokea simu ya mzazi haifai kupokea mtoto wake. Ada ya viza ni dola 185 na ya usajili wa mwanafunzi dola 350, zote zinalipwa kwa serikali ya Marekani, na unabaki na risiti yenye jina la mtoto.