Kitufe, kitufe, kitufe

Mwaka jana nilimtengenezea mama mmoja wa Lurambi tovuti ya duka lake la vitambaa. Wasee, ilikuwa moto. Picha zinateleza, maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, maneno machache. Mimi niliyeacha chuo kitambo nikajiona bingwa.

Kisha nikampa jamaa yangu asiyeona aijaribu. Yeye hutumia TalkBack, ile programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti. Simu ikaanza: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Cha kununua, cha kupiga simu, cha kufunga, vyote havikuwa na jina, kwa sababu nilikuwa nimeweka alama tu bila neno. Jamaa akacheka. "Buda, umenijengea nyumba ya milango kumi na hujaniambia choo kiko wapi."

Nilirekebisha kwa jioni moja. Kila kitufe nikakipa jina, kila picha maelezo mafupi, kila kisanduku cha fomu lebo yake. Maandishi nikayakoleza, maana hata wewe unayeona, ukiwa kwa jua la saa saba stendi ya boda, kijivu husomi. Gharama? Sufuri.

Sasa achana na vitambaa. Huduma za serikali ziko eCitizen, mkopo wa HELB unaombwa mtandaoni, ushuru pia. Tovuti isiposomeka, mtu asiyeona inabidi aende saiba ampe kijana asiyemjua nambari ya kitambulisho na nywila yake. Wewe ungempa? Na yale matangazo ya kazi yanayowekwa kama picha ya bango, simu nyingi zinayapita kimya. Kazi imemkwepa hata kabla hajaiomba.

Sheria si tatizo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na tangu 2022 Kenya ina kiwango chake cha mambo haya, KS 2952. Shida ni kwamba anayelipia tovuti haulizi, nasi tunaoijenga tunanyamaza, tunakula pesa.

Kama unajenga tovuti hapa Kakamega, washa TalkBack leo, funga macho, ujaribu kununua kitu kwako mwenyewe. (Ikiwaka, kubonyeza ni kugusa mara mbili, usije ukanilaumu.) Mimi siku hizi salio langu la mwisho silichukui mpaka jamaa yangu aagize kitu bila kusaidiwa. Na namlipa, kwa sababu hiyo ni kazi.